Mtoto mwenye pumu anaweza kupuliza klarineti?

Wiki hii naanza na ujumbe wa mama mmoja wa Morogoro. Binti yake ana miaka 11 na ana pumu tangu akiwa mdogo. Mwalimu wa muziki amemchagua aingie kwenye kikundi cha watoto wanne wanaojifunza klarineti, na tayari amewaonyesha video ya watu wazima wanne wakipiga muziki wa Mozart. Mtoto halali kwa furaha. Mama ndiye asiyelala kwa wasiwasi.

Ndugu wamegawanyika. Bibi wa mtoto anasema kupuliza kutayamaliza mapafu ambayo tayari ni mabovu. Shangazi anasema kinyume: kupuliza ndiko kutakakomponya, na akianza tu mazoezi aachane na zile dawa za kuvuta, “asije akazizoea.” Mama anauliza amsikilize nani.

Jibu langu fupi ni kwamba asimsikilize bibi wala shangazi, ingawa wote wawili wanampenda mtoto. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa vizuri kwa kawaida anaweza kupiga chombo cha kupuliza. Ila chombo hicho si dawa, na kuacha dawa kwa sababu ya klarineti ni hatari kubwa kuliko klarineti yenyewe. Jibu refu linahitaji kwanza tuelewe kikundi cha namna hii kinafanya nini na mwili, kwa sababu kina jambo moja ambalo halipo kwenye kwaya wala kwenye bendi kubwa.

Klarineti ni chombo gani?

Kwa aliyewahi kusikia zumari ya pwani, klarineti si ngeni sana. Zote ni bomba lenye matundu, na zote hutoa sauti kwa sababu tete linatikisika mdomoni. Tofauti ni kwamba zumari ina matete mawili yanayogongana, wakati klarineti ina tete moja tu, jembamba, lililofungwa kwenye kipande cha mdomoni. Chombo hiki kilianza Ujerumani karibu na mwaka 1700, na fundi anayetajwa zaidi ni Johann Christoph Denner wa mji wa Nuremberg.

Hata sisi tuna mkono humo ndani. Klarineti nyingi za kitaalamu huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa vina misitu ya jamii iliyopata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Hata hivyo, watoto wanaoanza hupewa za plastiki, ambazo ni za bei nafuu na hazipasuki kirahisi.

Muziki wanaojifunza watoto hawa huitwa muziki wa chemba. Ni muziki wa sebuleni: watu wachache, kila mmoja ana sehemu yake peke yake, na hakuna anayesimama mbele kuongoza. Kikundi cha klarineti nne mara nyingi huwa na tatu za kawaida na moja kubwa ya besi, ile ndefu yenye shingo iliyopinda. Kazi nyingi wanazopiga ziliandikwa kwa vyombo vingine kisha zikapangwa upya. Mozart, kwa mfano, aliandika vipande 25 vifupi vya vyombo vitatu vya ukoo wa klarineti viitwavyo baseti honi, na leo vikundi vingi hupiga vipande hivyo kwa klarineti za kawaida. Mwaka 1789 alimwandikia rafiki yake mpulizaji Anton Stadler kwinteti ya klarineti moja na vyombo vinne vya nyuzi, ambayo hadi leo wapulizaji wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za chombo chao.

Tangu zamani muziki huu umekuwa wa nyumbani na wa familia. Mwishoni mwa mwaka 1832, Heinrich Baermann na mwanawe Carl, wapulizaji kutoka Munich, walikuwa Berlin. Mtunzi Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 23, alikuwa anapenda sana mapishi yao ya unga: mikate ya kupika kwa mvuke na vitafunwa vya malai. Wakakubaliana kwamba baba na mwana waingie jikoni, naye aketi aandike muziki. Kilichotoka ni kipande cha klarineti, baseti honi na piano, ambacho Mendelssohn alikipa jina la utani lenye vyakula hivyo ndani yake. Baba alipuliza klarineti, mwana baseti honi, na wiki chache baadaye kikafuata kipande cha pili. Vyote viwili bado vinapigwa.

Pumzi ya klarineti inavyofanya kazi

Mpulizaji huvuta hewa haraka kwa pembe za mdomo, kisha huitoa polepole na kwa nguvu iliyo sawa kwa sekunde kadhaa. Kwenye filimbi ya kulaza, hewa nyingi hupotea nje ya tundu. Kwenye klarineti hewa yote hupita kwenye nafasi nyembamba chini ya tete, kwa hiyo hewa inayohitajika si nyingi sana, lakini inataka msukumo. Kazi kubwa hufanywa na misuli ya tumbo, ya mbavu na kiwambo kilicho chini ya mapafu.

Sasa weka pumu hapo. Katika pumu, njia za hewa huvimba ndani, hujaa ute na kubanwa na misuli inayozizunguka. Mgonjwa hupata shida zaidi wakati wa kutoa hewa kuliko kuivuta, na ndiyo maana unasikia ule mluzi kifuani. Klarineti inamtaka mtoto afanye kwa ustadi jambo lile lile ambalo pumu hulivuruga. Hivyo bibi hakutoa hofu yake hewani. Lakini anachokielezea ni pumu isiyodhibitiwa. Njia za hewa zikiwa zimetulia, kupuliza kwa kiasi hakuharibu mapafu, kama vile kucheza mpira hakuyaharibu mapafu ya mtoto mwenye pumu iliyotulia.

Na shangazi? Tafiti zilizopima mapafu ya wapulizaji zimetoa majibu yanayotofautiana. Baadhi ziliona nafuu ndogo kwa wenye pumu, nyingine hazikuona tofauti. Mtoto anaweza kujifunza kupumua kwa utulivu, kukaa wima na kutambua mapema kifua kinapobana, na hizo ni faida za kweli. Lakini uvimbe ndani ya njia za hewa hauondoki kwa mazoezi. Unatulizwa kwa dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 262 waliishi na pumu mwaka 2019, na kwamba ilisababisha vifo 455,000 mwaka huo. Vingi vya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako pumu huchelewa kutambuliwa na dawa hazipatikani inavyotakiwa.

Kuhusu “kuzoea dawa,” naomba tulimalize. Dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe haileti uraibu. Mtoto huitumia kila siku kwa sababu ugonjwa upo kila siku, hata siku asizokohoa. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inaelekeza kwamba watu wazima na vijana wasitegemee dawa ya kufungua kifua peke yake bila ile ya kutuliza uvimbe. Kama binti ana kichupa kimoja tu cha kufungua kifua na hajawahi kuandikiwa kingine, hilo ndilo swali la kwanza la kumpelekea daktari, kabla hata ya swali la klarineti.

Kwenye kundi la wanne hakuna wa kukufunika

Nilisema kikundi cha namna hii kina jambo la pekee. Kwenye kwaya ya watu 40, mwimbaji akiishiwa pumzi hunyamaza, majirani wakaendelea, na kanisa zima halijui. Kwenye bendi kubwa ya shule ni hivyo hivyo. Kwenye kundi la klarineti nne kila mtoto anabeba sehemu yake peke yake. Akinyamaza, kinasikika kimya.

Kwa mtoto mwenye pumu, hapo ndipo penye mtego. Kifua kinaanza kubana katikati ya wimbo, naye anajua akiacha atawaangusha wenzake watatu, pengine mbele ya wazazi waliokuja kusikiliza. Watoto wa umri huu huona aibu haraka. Wengi huficha dalili, hujilazimisha kumaliza, na dawa inabaki kwenye begi nyuma ya ukumbi.

Lakini kundi hilo hilo lina kinga ambayo kwaya kubwa haina. Kwa kuwa hakuna kiongozi, wapulizaji huanza kwa pumzi. Mmoja huinua chombo kidogo na kuvuta hewa kwa namna ambayo wengine wanaiona na kuisikia, nao huvuta pamoja naye, kisha sauti ya kwanza hutoka kwa wakati mmoja. Wimbo wote wanaendelea hivyo, wakisikilizana nani anavuta wapi. Wenzake watatu huenda wakajua kwamba pumzi yake leo si ya kawaida kabla mama aliyeketi mstari wa tatu hajajua.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa mama huyu ni kwamba pumu ya binti isiwe siri yake na mwalimu peke yao. Kwa ridhaa ya mtoto, wenzake watatu waelezwe kwa maneno rahisi. Wapange ishara moja, kwa mfano kushusha klarineti mapajani, ambayo maana yake ni “tunasimama wote.” Wote wanne wasimame, wala asibaki mmoja ametoka huku watatu wakiendelea. Ishara hiyo waifanyie mazoezi kama wanavyofanyia wimbo mazoezi, ili siku ikihitajika isiwe kioja.

Jambo la pili ni la kwenye karatasi ya muziki. Sehemu za kuvuta pumzi huonyeshwa kwa alama inayofanana na mkato juu ya mistari. Mwalimu anaweza kuongeza mikato hiyo kwa penseli kwenye sehemu ya binti, hasa pale sauti inaposhikiliwa kwa muda mrefu, na kumpa mwenzake sauti ya kuziba pengo. Wapulizaji wazima wenye mapafu mazima hufanya hivyo kila siku, kwa hiyo hakuna aibu yoyote.

Kabla ya kumruhusu

Mama, jiulize haya kuhusu wiki nne zilizopita. Je, mtoto amepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ameamka usiku kwa kikohozi au kubanwa? Ametumia dawa ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ameshindwa kucheza au kukimbia na wenzake? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, pumu haijadhibitiwa vizuri. Mwone daktari kwanza, klarineti itasubiri. Ukijibu hapana kwa yote, bado mwone daktari, mweleze mpango huu, na uombe maelekezo ya maandishi ya nini kifanyike akibanwa. Nakala moja apewe mwalimu.

Mazoezi yaanze kwa dakika 10 hadi 15, kisha apumzike. Chumba kisiwe na vumbi la chaki, moshi wa jiko wala zulia kuukuu. Dawa ya kufungua kifua iwe mezani mbele yake, pamoja na kile chombo cha kuvutia dawa kama anakitumia. Akitumia dawa ya kutuliza uvimbe, asukutue na kuyatema maji, kama anavyopaswa kufanya siku zote.

Mazoezi yasimame mara moja akikohoa mfululizo, akisikia mluzi kifuani au akishindwa kumaliza sentensi ya wimbo aliyoimaliza vizuri jana. Akishindwa hata kumaliza sentensi ya kuongea, mbavu zikivutwa ndani, midomo ikibadilika rangi au dawa isipomsaidia, hiyo ni dharura. Fuata maelekezo ya daktari huku mkiwa njiani kwenda hospitali. Msisubiri asubuhi.

Klarineti chafu humletea mtu kikohozi

Hili linawahusu hata wasio na pumu. Mwaka 2013 madaktari wa mzio nchini Marekani walieleza kisa cha mpulizaji klarineti aliyekohoa kwa takriban mwaka mzima. Dawa za bakteria hazikumsaidia. Mwishowe ilibainika kwamba hakuwa amekisafisha chombo chake kwa miaka 30, na kwenye tete kulikuwa na ukungu aliokuwa akiuvuta kila anapopiga. Alipata nafuu baada ya kutibiwa na klarineti kusafishwa kikamilifu. Mapafu yenye pumu yana sababu zaidi ya kuogopa ukungu.

Usafi wenyewe ni rahisi. Mtoto asukutue mdomo kabla ya kupiga, hasa kama amekunywa soda au chai ya sukari. Akimaliza, apitishe kitambaa kikavu ndani ya bomba, alitoe tete, alikaushe na kulihifadhi kwenye kiboksi chake. Awe na matete mawili au matatu ya kubadilisha ili kila moja lipate muda wa kukauka. Tete lenye madoa meusi au harufu litupwe. Kipande cha mdomoni kioshwe kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, si ya moto. Kama klarineti ni ya mpingo, bomba lenyewe lisioshwe kwa maji wala lisianikwe juani, litapasuka.

Na tafadhali, kipande cha mdomoni kisichangiwe. Najua shule nyingi zina vyombo vichache kuliko watoto. Bomba linaweza kupokezanwa, lakini kila mtoto awe na kipande chake cha mdomoni na matete yake. Ni gharama ambayo wazazi wanaweza kuchangishana, na huzuia mafua na vidonda vya midomo kuzunguka darasa zima.

Meno, kidole na masikio

Meno ya mbele ya juu hukaa juu ya kipande cha mdomoni, na mdomo wa chini hukunjwa juu ya meno ya chini. Ndiyo maana walimu wengi husubiri meno ya mbele ya utu uzima yaote, kwa kawaida miaka 8 au 9. Kwa miaka 11 binti huyu yuko salama. Kama meno yake yamejitokeza mbele, daktari wa meno amwangalie kabla ya kuanza.

Uzito wa klarineti, karibu gramu 700 hadi 800, huegemea zaidi kidole gumba cha mkono wa kulia. Akilalamika maumivu, usimwambie avumilie. Kuna mikanda ya shingoni inayopunguza mzigo huo.

Masikio husahaulika kabisa. Klarineti nne kwenye chumba kidogo cha sakafu ya saruji zina kelele kuliko mtu anavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 nchini Ujerumani uliona kwamba wanamuziki wa kulipwa walikuwa karibu mara nne zaidi ya watu wengine kupata upotevu wa kusikia unaotokana na kelele, na usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi. Mtoto wa shule hapigi saa nyingi kama wao, lakini chumba kikubwa zaidi, mapumziko katikati na nafasi kati ya viti ni kinga isiyo na gharama.

Mama wa Morogoro, nenda na binti yako kliniki wiki hii, mkiwa na dawa zake zote mkononi, na umwombe daktari amtazame anavyozivuta. Wengi huvuta vibaya, dawa ikaishia mdomoni. Bibi mweleze kwamba umemsikia, ndiyo maana mmeanza na daktari. Shangazi mwombe awe mlinzi wa dawa: siku ya onyesho aketi mstari wa mbele, kichupa kikiwa mkononi mwake. Binti naye mwambie kwamba kusimama katikati ya wimbo ili apumue si kushindwa. Wenzake watatu wakijua hilo tangu siku ya kwanza ya mazoezi, nadhani utapata usingizi.